Magari Yaliyoachana na Mfuo

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita nilitaja katika maongezi haya, tena kwa kupita njia tu, kwamba nyumbani kwangu ninayo barabara ya plastiki ambayo magari yake madogo ya umeme hukimbia bila kushikwa na mfuo. Sikutegemea kama neno hilo lingemsumbua mtu. Kumbe limewasumbua wengi. Msikilizaji mmoja wa Morogoro anauliza: gari hilo kama halina mfuo, linajuaje pa kupita? Mwingine wa Tanga anasema bila kuficha kwamba nimetunga. Leo nitawajibu wote wawili, na katika kuwajibu itanibidi nikiri kosa moja ambalo nililificha kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Tuanze na mfuo wenyewe. Wanaoikumbuka santuri wanaujua ule mfuo mwembamba ambamo sindano ya gramafoni hutembea. Sindano haiendi inakotaka. Inakwenda unakokwenda mfuo. Sasa ichukue picha hiyo uipeleke kwenye barabara ndogo iliyotandikwa sakafuni, yenye mifuo miwili iliyo sambamba. Chini ya pua ya kila gari kuna kijiti kinachoingia katika mfuo wake, na kandokando ya mfuo kuna vipande viwili vya chuma vyenye umeme. Gari huuchukua umeme huo, mota yake ikazunguka, na mchezaji mwenye kishikio mkononi huongeza au kupunguza mwendo. Kazi yake ni hiyo tu. Usukani hana. Akizidisha mwendo kwenye kona, kijiti huchomoka na gari likaishia chini ya kochi.

Mchezo huu ni mkongwe. Kampuni ya Lionel ya Marekani, mashuhuri kwa magari-moshi ya kuchezea, iliuza magari ya umeme ya namna hiyo tangu mwaka 1912, ikaacha kuyatengeneza mwaka 1915. Aliyeufanya mchezo uingie nyumba nyingi ni Mwingereza Fred Francis wa kampuni ya Minimodels. Yeye alikuwa akiuza magari ya kujaza kwa springi yaliyoitwa Scalex, kisha akayatia mota za umeme na kuyaonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate mwaka 1957 kwa jina la Scalextric. Mwaka 1960 kampuni ya Aurora ya New York ikaanza kuwauzia Wamarekani magari madogo zaidi, ambayo barabara yake inatosha juu ya meza ya kulia chakula. Katika miaka hiyo ya 1960 kulikuwa na kumbi nyingi Marekani ambako watu wazima walilipia muda wa kushindana. Muongo ulipokwisha, nyingi zilikuwa zimefungwa.

Lakini mfuo ulikuwa na kasoro moja ambayo kila mtoto aliiona. Kila gari lina njia yake, basi. Ukinizidi mwendo utanipita, lakini ukiwa katika mfuo wako. Huwezi kuingia mbele yangu, huwezi kuniziba, huwezi kunibana kwenye kona. Kwa mtu aliyewahi kupanda daladala ya Kariakoo saa kumi na moja jioni, hayo si mashindano hata kidogo.

Mwaka 1977 kampuni ya Ideal ikaleta jawabu. Ideal haikuwa ya kubahatisha. Ni kampuni iliyoanzia Brooklyn kwa kumshona dubu wa kitambaa aliyepewa jina la utani la Rais Theodore Roosevelt, na ni hiyo hiyo ambayo mwaka 1980 iliitembeza duniani ile kete ya rangi ya Rubik iliyowaumiza watu vichwa. Seti yake ya magari iliitwa TCR, maana yake kwa kifupi ni mashindano ambayo mchezaji anayamiliki mwenyewe. Karibu na wakati huo Aurora nayo ikatoa yake iliyoitwa Ultra 5, na Lionel, ile ile ya mwaka 1912, ikatoa Power Passers. Zote ziliahidi jambo moja: mfuo umefutwa, hama njia upendavyo.

Mimi nilikutana nazo mwaka 2017. Nilikuwa nimepelekwa jimbo la Ohio kwa mafunzo ya majuma matatu ya watangazaji wa redio, na waandaaji walinipangia kulala kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi wa simu. Ni mtu mkimya. Siku tatu za mwanzo tulizungumza habari za mvua tu. Siku ya nne aliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikamweleza, nikaongeza kwamba utotoni nilikuwa nikifungua redio za mkulima kuona sauti inatoka wapi. Akaniangalia, akaniambia nimfuate chini.

Chini ya nyumba za kule aghalabu kuna chumba kikubwa cha kuwekea tanuri la kupasha nyumba joto na takataka za familia. Chumba chake yeye kilikuwa na rafu ukuta hadi ukuta, na kwenye rafu kulikuwa na maboksi yenye picha za magari yanayopitana. Hakukuwa na Scalextric hata moja. Nilipomwuliza sababu, alisema za mifuo zinakusanywa na kila mtu. Yeye alikusanya zile ambazo hazikudumu.

Akatandika barabara moja juu ya meza. Niliipapasa. Kweli mfuo hakuna. Kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyolazwa sawasawa na uso wa barabara, vitatu kwa kila njia, na pembeni kushoto na kulia kuna kuta fupi. Hizo kuta, msikilizaji wa Morogoro, ndilo jibu lako.

Nitaeleza jinsi seti za Ideal zilivyofanya kazi, maana ndizo nilizozishika. Vyuma vya kuchukulia umeme chini ya gari la kwanza vimepangwa tofauti na vya gari la pili. Kwa hiyo hata magari yote mawili yakiwa katika njia moja, kila moja linanyonya umeme wake na kumsikiliza bwana wake. Hilo ni nusu ya ujanja. Nusu ya pili imo kwenye magurudumu ya nyuma. Gari la kawaida huyasukuma yote mawili. Hili husukuma moja tu kwa wakati. Ukigusa swichi iliyo kwenye kishikio, mwelekeo wa umeme unaofika kwenye mota hugeuzwa, mota huanza kuzunguka kinyume, na gia huliacha gurudumu la upande mmoja na kulishika la upande wa pili. Mtu wa pwani anajua kinachofuata. Ukipiga kasia upande wa kulia peke yake, mtumbwi unakwenda kushoto. Gurudumu la kulia likisukuma peke yake, gari linavutwa kushoto mpaka ubavu wake uguse ukuta, na hapo linaambaa na ukuta hadi utakapogusa swichi tena.

Yaani gari halijui njia hata kidogo. Kila wakati linataka kutoka barabarani, upande mmoja au mwingine, na ukuta unalikatalia.

Nilipolielewa hilo nilicheka kwa sauti, na mwenyeji wangu akataka kujua ninacheka nini. Nikamweleza kwamba sisi utotoni tulitengeneza magari ya waya, matairi ya ndala zilizochakaa, na fimbo ndefu ya waya yenye duara la usukani juu. Ukizungusha duara, magurudumu ya mbele yanageuka kwelikweli. Gari langu la kuokoteza lilikuwa na usukani, na hili la umeme la Marekani halina. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimchoree. Mchoro huo aliubandika ukutani kwa gundi ya karatasi, kati ya matangazo mawili ya zamani ya Aurora.

Tulicheza hadi usiku wa manane. Kuna gari la tatu ambalo halina mchezaji. Ideal waliliita gari la foleni. Linakwenda polepole, mwendo ule ule, likiziba njia. Humo ndimo utamu ulimo. Unamwona mwenzako amebanwa nyuma ya gari la foleni, unahama, unampita, unarudi mbele yake kabla hajajitoa. Mzee yule mkimya alinifanyia hivyo mara nyingi, na kila mara alitoa mlio mdogo wa pua kama mtu anayezuia chafya.

Sasa mtauliza: ikiwa mchezo ni mtamu namna hiyo, mbona haukudumu? Nilimwuliza hivyo hivyo. Jibu lake lilikuwa refu, na nimekuja kuliona kuwa sahihi kadiri nilivyosoma zaidi.

La kwanza ni msuguano. Gari linaloparuza ukuta muda wote linapoteza mwendo, na ukitoka kwenye gari la mfuo kuja hili unaiona tofauti mara moja. La pili linahusu ustadi. Mabingwa wa mifuo walijivunia kitu kimoja tu, kujua kona inataka mwendo gani. Ukikosea, gari linaruka na umeshindwa. Kwenye hizi seti mpya ukikosea ukuta unakudaka, gari linateleza kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje na safari inaendelea. Mabingwa wakasema huo ni mchezo wa watoto. Mimi siafikiani nao kabisa, kwani kumzuia mtu asikupite nao ni ustadi, tena ndio unaofanana na barabara. Lakini maneno ya mabingwa ndiyo yaliyosikika madukani. La tatu ni kwamba barabara ya kampuni moja haikuungana na ya nyingine. Mzazi aliyenunua Aurora hangeweza kuongezea vipande vya Ideal. Na la nne ndilo lililoua: mwaka ule ule wa 1977 Atari ilitoa mashine yake ya kuchezea michezo kwenye televisheni, na miaka mitatu minne baadaye watoto hawakutaka tena kuunganisha vipande sakafuni.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Ideal ilinunuliwa na CBS mwaka 1982. Aurora, iliyokuwa imeuzwa kwa kampuni ya biskuti ya Nabisco tangu mwaka 1971, ilisambaratika. Jina la TCR lilizunguka mikononi mwa wengine, likafika kwa Tyco iliyoinunua View-Master Ideal mwaka 1989, na Tyco yenyewe ikamezwa na Mattel mwaka 1997. Kuhama njia kukaja kurudi kwa mlango wa nyuma: mwaka 2004 Scalextric ilileta barabara za kidijitali ambamo mfuo una matawi kama reli ya treni, na gari linachepuka kwa amri ya kitufe. Mfuo umeshinda, kwa kumwiga aliyeshindwa.

Basi ndiyo maana ya kukusanya. Vitu hivi vilitengenezwa kwa miaka michache, vilinunuliwa na watu waliowapa watoto, na watoto walivichezea mpaka vikavunjika, kama ilivyopasa. Vilivyobaki ni vile vilivyosahauliwa darini. Mkusanyaji akipata boksi hulifungua kwa utaratibu kama daktari. Je, gari la foleni lipo? Ndilo hupotea kwanza. Vijino vinavyounganisha barabara vimekatika? Plastiki imepinda? Vyuma vya umeme vimeota kutu? Utando mwepesi anausugua kwa kifutio cha penseli, kutu nzito haina dawa. Matairi ya mpira huwa yamekauka kama kokwa, na grisi ya gia imeganda kama ulimbo. Kila mkusanyaji ana boksi la maiti, yaani magari yaliyokufa ambayo yanatolewa gia na mota kuyahuisha mengine.

Katika rafu ya juu kabisa mwenyeji wangu alikuwa na seti moja ambayo haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, nailoni yake bado inang'aa. Aliinunua duka moja lilipokuwa linafunga biashara. Nikamwuliza kama magari yaliyomo yanatembea. Akasema hajui, na yeyote atakayeinunua hatajua, na kwa sababu hajui atalipa zaidi. Hakuwa anafanya mzaha. Niliona kwamba jambo hilo linamkera, na bado hakuifungua.

Siku ya kuondoka alinipa boksi. Si la rafu ya juu. Lilikuwa limebandikwa gundi ya karatasi pembe zote nne. Hii ndiyo seti aliyowanunulia wanawe wawili Krismasi ya mwaka 1978. Gari jekundu la mkubwa, la bluu la mdogo. Wanawe wanaishi mbali, aliwauliza nani anaitaka, na wote wawili walimjibu kwa adabu kwamba hawana nafasi. Akaniambia niwapelekee wanangu.

Nimefika kwenye kosa. Nilirudi Dar es Salaam Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi nilitandika barabara sebuleni, binti yangu akiwa pembeni, wakati ule ana miaka minne. Niliweka gari jekundu. Nilichukua plagi ya Kimarekani, nikaitafutia adapta, nikachomeka ukutani. Msikilizaji, umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 230. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, nimefanya kazi miaka mingi na mafundi mitambo, na hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi umeme.

Transfoma ilivuma kama mzinga wa nyuki. Gari jekundu lilichomoka kama mshale, likazunguka mara moja na nusu, likatoa uzi wa moshi na kusimama. Kisha ikaja ile harufu ya vanishi inayoungua ambayo fundi yeyote wa redio anaijua. Binti yangu alipiga makofi. Alidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Fundi wetu kituoni alipoifungua transfoma aliniuliza swali moja: "Bosi, hukusoma hapa?" Kibandiko kilikuwapo, volti zimeandikwa wazi. Waya wa ndani ulikuwa mweusi. Mota ya gari jekundu nayo ilikuwa imeungua.

Kwa miezi minane sikumwandikia mzee yule. Aliniandikia mara mbili kuuliza watoto wanaonaje, nikamjibu habari za mvua. Seti niliirudisha kwenye boksi na kuiweka juu ya kabati, na kila nilipoiona nilikumbuka gari la mwanawe. Hatimaye niliishusha nipige picha angalau ya gari la bluu, nimtumie. Nilipolitoa lile trei la kadibodi kwa mara ya kwanza, chini yake nikakuta karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa fundi wa simu, herufi za kusimama. Ilisema kwamba umeme wa Tanzania si sawa na wa Ohio, nisiitumie transfoma hii ukutani, nimwone fundi kwanza. Chini aliandika volti zinazotakiwa na mchoro wa nyaya. Mimi, ambaye riziki yangu ni kuwasomea watu maandishi, nilikuwa nimezitoa barabara na magari kwa pupa bila kulinyanyua trei.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia yote. Jibu lake lilikuja baada ya siku kumi. Alisema transfoma haina thamani, ziko tele. Kuhusu gari jekundu hakusema haina neno. Alisema amehuzunika. Aya iliyofuata alieleza jinsi ya kulifungua bila kuvunja vishikizo vya bodi, na akanijulisha kwamba anatuma chasisi kutoka kwenye boksi lake la maiti. Bodi nyekundu niifute kwa maji na sabuni laini, nisitumie spiriti, rangi itatoka.

Chasisi ilifika baada ya miezi miwili. Fundi wetu alitengeneza transfoma nyingine kwa kufuata vipimo vya ile karatasi, safari hii akanilazimisha nisome kila namba kwa sauti kabla hajaniachia swichi. Bodi nyekundu imekaa juu ya chasisi ya mtu mwingine, na gari linatembea. Kwa mkusanyaji mkali hiyo si seti kamili tena. Binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa wa kutosha kunipita kila kona, hachukui gari lingine isipokuwa hilo.

Gari la foleni ndilo bado. Gia yake ndogo ilikuwa imepasuka tangu zamani, na mzee anasema yake ya akiba imepasuka mahali pale pale, anaendelea kutafuta. Kwa sasa tunaweka kopo la dawa ya viatu katikati ya njia ya ndani.